Sauti Iliyofika Barazani

Mume wangu aliponiacha, watu wa Kivinje walisema nimeachwa kwa sababu ya wimbo. Ilikuwa kweli. Hata leo, na meno yangu yamekwisha, nikiusimulia mkasa ule nauhisi uso unaniwaka.

Wakati huo Mwingereza alikuwa bado anatutawala, na chama cha kudai uhuru ndiyo kwanza kilikuwa kimefika kwetu. Wanaume walikizungumza chini chini kwenye baraza za nyumba zao, wakinyamaza akipita askari wa boma. Wanawake tuliambiwa hayatuhusu, na mimi niliafiki. Nilikuwa mke kijana, wa kukaa ndani. Mchana sitoki, na nikitoka ni kwa ruhusa, nimejifunika buibui, na mtu wa kunisindikiza. Sikuona kuwa nimefungiwa. Niliona nimetunzwa. Mume wangu alikuwa na duka la nguo karibu na soko, nami nilimshonea kanzu na foronya kwa cherehani ambayo mama alininunulia kabla sijaolewa. Wateja waliujua mshono wangu, mimi mwenyewe hawakunijua, na hilo lilinipendeza.

Mama yangu hakuwa hivyo. Alikuwa mjane, akiuza samaki wa ng'onda sokoni, tena ndiye kiongozi wa kikundi cha lelemama, ngoma ya wanawake ya kwenye harusi. Akicheka, mtaa wa pili unajua. Tangu udogoni nilimwonea haya. Alipokuwa akivutana bei na wanaume, mimi nilijibanza nyuma ya matenga ya samaki nikiomba mteja akubali upesi ili kelele ziishe.

Alasiri moja nilipewa ruhusa niende kwake kwenye mazoezi ya ngoma. Nilipoingia uani nilishangaa. Walikuwapo wake wa watu wakubwa wa mji, wauza vitumbua, na wakulima wa Tingi waliokuwa wameleta mihogo sokoni, wote juu ya mikeka ya mama. Katikati alikaa mgeni, mama wa makamo kutoka Lindi, mpika maandazi, aliyekuja kwa lori. Alikuwa amejitanda khanga tu. Nilimwangalia mikono iliyokuwa wazi hadi viwikoni, nikainamisha macho kwa kumwonea haya.

"Waume zetu wanadai uhuru," alisema, "na sisi tunautaka. Lakini nawaulizeni, dada zangu. Ukija, utaishia kule barazani wanakokaa wao, au utaingia hadi jikoni?"

Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka.

"Nani hapa aliulizwa kabla ya kuozwa?"

Kisha mama mmoja wa Tingi, mwenye chale za Kimatumbi usoni, akasema, "Mimi nilikuwa shambani napalilia. Nikaitwa nikoge. Nilipomaliza kukoga nikawa mke wa mtu."

Mwingine akasema yeye alitaka kusoma, kaka zake wakapelekwa shule, yeye akabaki kutwanga. Wakaanza kusema mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na la kwake, na niliona ajabu jinsi yalivyofanana. Lakini bibi mmoja wa ukoo wa kale, aliyefundisha Kurani watoto wa kike, aliinua mkono. "Mgeni, tusije tukaiacha dini."

"Bibi, dini haijatunyima haki," mgeni akamjibu. "Mali ya mwanamke ni yake, na mume, ni yeye mwanamke anayemkubali au kumkataa kwa kinywa chake mwenyewe. Si ndivyo mnavyofundisha?"

Bibi akafikiri. "Ndivyo ilivyo," akasema. "Tumefundisha, ila hatujaona ikitendwa."

Baadaye wakataka kuimba. Mwimbishaji wa kikundi alikuwa amekaukiwa sauti kwa mafua, na mama akanigeukia. "Imba wewe."

"Mama, nitasikika nje."

"Na usikike."

Mbele ya wanawake wote wale sikuweza kumkatalia mzazi wangu. Maneno yalitungwa pale pale, kwamba tumezoea kuitikia harusi na sasa tunaiitikia nchi. Nilianza kwa sauti ya kubana. Wakaitikia. Nikapandisha. Sijui nini kilinipata. Nilisahau kuwa kuna ukuta na kuwa nyuma ya ukuta kuna njia, nikaimba kama mtu aliyekuwa ameshikiliwa koo miaka mingi.

Njiani, wakati huo huo, baba mkwe wangu alikuwa anatoka msikitini na wenzake. Mmoja wao, jirani yetu aliyeijua sauti yangu, akasimama akasikiliza. "Huyo si mkaza mwanao?" akamwuliza.

Hayo nilielezwa na mume wangu magharibi ile. Hakuwa mtu mbaya, na hakuwahi kuniinulia mkono. Alisimama mlangoni mwa chumba, hakutaka kukaa.

"Baba ameulizwa mbele ya watu," alisema. "Ameshindwa kujibu. Baba yangu, aliyeinamiwa na mji mzima."

"Nimekosa. Nisamehe."

"Mimi ningekusamehe. Lakini yeye atapita wapi?"

Asubuhi yake akatamka talaka, baba yake yupo. Nilifunga nguo zangu, na nilipoishika cherehani mzee akasema, "Iache. Kilichomo katika nyumba hii ni cha nyumba hii." Nikaiacha. Nilipita barabarani mchana kweupe na bunda kichwani, na watu waliokuwa wamekaa nje wakaacha mazungumzo hadi nipite.

Kwa mama sikula, na sikutoka hata kuteka maji. Watoto wa jirani walikuwa wameushika ule wimbo, wakaja kuuimba chini ya dirisha. Majirani walikuja kunipa pole, na katika kila pole nilisikia kicheko kilichozuiwa.

"Unalia nini?" mama akaniuliza. "Mume au cherehani?"

"Nalia aibu."

"Nani amekutia aibu?"

"Wewe," nikasema.

Mama alitoka nje akaenda kugeuza samaki wake juani, na siku ile nzima sikumsikia sauti.

Aliporudi kusema nami lilikuwa jambo moja tu, kwamba twende kwa liwali, aliyekuwa akiamua mashauri ya mji, tukaidai cherehani. Kwa kuwa baba alikwisha kufa, mjomba ndiye aliyestahili kunisemea. Akakataa. Alisema hawezi kusimama mbele ya wanaume wenzake kwa ajili ya mwanamke aliyeimba hadi njia nzima ikasikia. Basi tukaenda wenyewe, na tulipofika tukawakuta wanawake wa kikundi wamekwisha kukaa kwenye ngazi, wamejifunika, kimya. Yule bibi mwalimu wa Kurani naye alikuwapo. Sikufurahi kuwaona. Nilitamani shauri langu lisikilizwe na watu wachache.

Liwali alikaa mezani, mume wangu na baba yake upande mmoja. "Nani anamsemea huyu?" aliuliza.

Mama akasimama. Liwali akainua kiganja. "Wewe kaa. Sauti yako tunaijua."

Wanaume wakacheka. Mama akakaa.

"Mwenye dai aseme mwenyewe, kama anaweza."

Nikasimama. Jasho lilikuwa likinitiririka ndani ya buibui. Maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima hayakuwapo. Nikafungua kinywa, kisitoke kitu. Kutoka nyuma mtu akasema, "Mwambieni aimbe!"

Walicheka wote, hata askari wa mlangoni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamgeukia mama ili tuondoke, na hapo nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona maishani. Mama yangu alikuwa ameinamisha kichwa, mikono mapajani, anakodolea sakafu kama mwari. Sikujua kama aliona haya kwa ajili yangu au kwa lile neno nililomwambia. Lakini sikuweza kuvumilia kumwona hivyo mbele ya watu wale.

"Cherehani ni yangu," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba. "Alininunulia mama kabla sijaolewa. Talaka nimeikubali. Cherehani sikuipata kwa kuolewa."

Liwali akamtazama mume wangu. "Uliinunua wewe?"

Mume wangu alikawia. Baba yake alikuwa anamwangalia. "Hapana, bwana," akasema.

"Basi mpe."

Likaisha hivyo, kwa muda mfupi kuliko wa kunywa kahawa. Tulipokuwa tunatoka mume wangu alinipita karibu akasema kwa sauti ya chini, "Ungeniomba tu, ningekuletea." Huenda ni kweli. Maneno hayo yaliniuma kuliko kicheko cha watu, kwa kuwa hata kuomba nisingethubutu.

Wanawake waliibeba cherehani kwa zamu hadi kwa mama. Niliwasihi wasiimbe, na kwa kunihurumia hawakuimba. Mimi nilitembea katikati yao nimejifunika hadi machoni.

Nikaanza kushona tena, safari hii kwa jina langu. Baada ya muda yule mama wa Lindi akatuita mimi na mama tufuatane naye vijijini, kwa sababu wanawake walikuja wengi zaidi palipokuwa na ngoma. Nilikwenda. Mama hakuzungumza tena juu ya siku ile, na mimi sikujua pa kuanzia. Tulizungumza bei ya samaki, mvua, na nani atakuja mkutanoni.

Kule Kilangala niliambiwa niseme kabla ya kuimba. Nilisema huku naangalia vidole vyangu vya miguu, kwamba mwanamke ana haki ya kumiliki alicho nacho na kuulizwa juu ya lililo lake. Nilipokaa, mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha akanisogelea.

"Dada, huoni haya kusema mbele za watu?"

"Naona," nikamwambia. "Naona sana."

Akamhamisha mtoto titi la pili, akaniuliza kama nitakuwapo Ijumaa ijayo, maana na yeye ana jambo la kusema.