Wimbo wa Kuitana

Chuoni tuliambiwa kwamba somo la muziki lisilo na teknolojia ni somo la karne iliyopita, na mimi niliamini bila kubisha, maana nilikuwa nikipenda vifaa kuliko chakula. Nilipopangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya upili ya kutwa upande wa Olenguruone, nilipanda kutoka kwetu Lanet nikiwa na kompyuta, spika ndogo, maikrofoni na nyaya za kutosha kumfunga ng'ombe. Nguo za baridi ndizo nilizosahau. Wiki ile ya kwanza nilifundisha huku meno yakigongana, na wanafunzi, ambao walikuwa wamevaa sweta moja moja tu, walinitazama kwa huruma.

Mwalimu wa muziki niliyewekwa chini yake alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi, mwenye skafu shingoni mchana kutwa. Alinitazama nikipanga vifaa vyangu juu ya meza katika chumba cha walimu, kisha akaniuliza kwa sauti ya kukwaruza, "Hizi zote ni za kufundisha ama unafungua duka?"

"Ni za kufundisha, Madam."

"Na stima ikipotea?"

Stima ilipotea kabla sijamjibu, taa zikazimika. Chumba kizima kilicheka. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nilianza kukunja nyaya zangu kwa fujo ili kila mtu ajue nimeudhika. Yeye alivuta kiti akaketi kando yangu. "Wacha kununa," alisema. "Hiyo kompyuta si iko na betri? Nionyeshe kitu inafanya."

Nilimrekodi akihesabu moja hadi nne, nikamwonyesha sauti yake kwenye kioo, milima na mabonde ya rangi ya buluu. Nilimwonyesha jinsi ya kuipunguza mwendo, kuikata, kuirudia. Halafu akauliza kama sauti ikishawekwa humo inakaa.

"Inakaa, Madam. Hata miaka."

"Na haichoki?"

"Haichoki."

Ndipo aliponiambia kuhusu koo lake. Hospitalini Nakuru walikuwa wameona uvimbe, na njia iliyobaki ilikuwa kutoa kisanduku cha sauti chote. Angeishi, walimwambia, lakini hangeongea tena wala kuimba. Alinieleza haya kama mtu anayesoma ratiba ya vipindi, kisha akanipa kitambaa, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nalia.

Kitu alichotaka kilikuwa kimoja. Kulikuwa na wimbo aliofundishwa na marehemu mama yake, wa wanawake waliokuwa wakienda msituni kutafuta kuni. Kule juu ukungu hushuka ghafla, na mtu anaweza kupotea hatua chache kutoka kwa wenzake. Basi mwanamke mmoja anaita kwa wimbo, wengine wanaitika kila mmoja alipo, na asiyeitika anatafutwa. Wenzake waliokuwa wakiujua walikuwa wamekufa, au wamehama, au wameokoka katika makanisa yasiyotaka nyimbo za zamani. Alikuwa amebaki peke yake. Alitaka kwaya ya shule iuimbe kwenye tamasha la muziki, na baada ya tamasha iendelee kuuimba.

"Mimi nikinyamaza," alisema, "hawa wasinyamaze."

Tulirekodi katika stoo ya chakula. Magunia ya mahindi na maharagwe yanameza mwangwi vizuri kuliko studio yoyote niliyowahi kuiona chuoni, ingawa tulilazimika kufanya kazi asubuhi, kabla mvua haijaanza kupiga mabati. Nilimsimamisha kati ya magunia, nikamwomba aite, anyamaze kwa muda wa jibu, halafu aite tena. Nafasi zile zingejazwa na wanafunzi.

Aliita mara moja akasimama. "Sasa naita nani?"

"Wanafunzi, Madam. Wataitika baadaye."

"Wewe itika."

Nilimweleza kwamba nikiitika sauti yangu itaingia kwenye rekodi na kuharibu. Tena sikuwa najua maneno. Wimbo ulikuwa wa Kikalenjin, na Kikalenjin changu kilikuwa kinaishia kwenye salamu. Alitikisa kichwa, akaniambia kwamba hajawahi kuuimba wimbo ule bila kuitikiwa, na kwamba koo linakataa. Tulijaribu tena na tena. Mwishowe alinigeuzia mgongo, akatazama ukuta, akaita. Sauti yake ilikuwa inakwaruza lakini ilikuwa inafika mbali, na kila aliponyamaza niliona mabega yake yamepanda, akisikiliza. Niliyapenda mabega yale. Nilimpenda yeye, niseme tu, kwa muda ule mfupi tuliofanya kazi pamoja.

Tangu siku hiyo spika yangu ndiyo iliyoita. Ilibidi, kwa sababu daktari alikuwa amemkataza kutumia sauti. Alikuwa akiketi mbele ya darasa na rula, anagonga meza kuweka mapigo. Mimi nabonyeza kitufe, sauti yake inatoka kwenye spika, na watoto wanaitika kutoka pembe zote za darasa, maana aliwatawanya wasimame mbalimbali kama watu wa msituni. Walijifunza upesi. Sauti ya kwanza, ya pili, ya chini, kila kundi na jibu lake. Yule aliyechelewa kuitika alinyoshewa rula na darasa zima likacheka. Walimu wengine walikuja kusimama dirishani. Mwalimu mkuu alisema kwamba sasa anaona maana ya teknolojia, na mimi nilivimba kichwa siku nzima.

Kisha akaenda Nakuru kufanyiwa upasuaji. Alituaga kwa kuandika ubaoni, "Msichelewe kuitika." Upasuaji ulienda vizuri, tukaambiwa. Halafu tukaambiwa ana homa. Halafu kifua. Jumatatu moja mwalimu mkuu alituita walimu sote kwenye uwanja wa gwaride kabla ya wanafunzi kufika, na sikuhitaji kusikia alichotaka kusema, kwa sababu alikuwa amevua kofia.

Siku hiyohiyo mhadhiri wangu alikuwa njiani kuja kunitathmini. Nilimpigia simu kumwomba aahirishe, lakini alikuwa ameshapita Molo. Mwalimu mkuu akasema labda ni vyema, wanafunzi waimbe kidogo, itawafariji. Nami nilitaka kuisikia sauti yake. Sikufikiria zaidi ya hapo.

Wanafunzi walisimama mahali pao, macho mekundu. Mhadhiri aliketi nyuma. Nilibonyeza kitufe, na mwalimu wao akaita.

Hakuna aliyeitika.

Nilidhani ni majonzi, nikawaashiria kwa mkono. Aliita tena. Walikuwa wameinama, kila mmoja anaangalia viatu vyake. Nafasi ile niliyoipima mwenyewe ya jibu ilipita tupu, akaita mara ya tatu, na binti aliyekuwa akiongoza sauti ya kwanza akaziba masikio. Nilizima. Kwa pupa nilizima kompyuta nzima badala ya wimbo.

"Madam, pole," yule binti aliniambia. "Hatuwezi kumuitikia. Mtu akishaenda, akikuita haumuitikii. Hata ukimpenda. Ukiitika, hatapumzika, na wewe pia."

"Hiyo ni rekodi tu," nilisema. Nilisema hivyo, na nilijisikia mpumbavu neno lingali mdomoni.

"Tunajua ni rekodi," alijibu kwa upole. "Lakini ni yeye."

Mhadhiri wangu, mtu mzima na mwenye moyo, aliniwekea mkono begani tulipotoka nje. Kwenye ripoti yake aliandika kwamba vifaa vilitumika ipasavyo. Sijui angeandika nini kingine.

Jambo baya zaidi lilinijia nikiwa chumbani kwangu nafua soksi. Watoto walijua majibu yote. Hakuna hata mmoja aliyejua kuita. Kila siku ya mazoezi ni spika iliyokuwa ikiita, basi nani angejisumbua kujifunza sehemu inayofanywa na mashine? Nilipowauliza kesho yake, binti wa sauti ya kwanza alijaribu, akafika mahali fulani akapotea, akajaribu tena, akalia. Wimbo ulikuwa umebaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya kompyuta yangu, na watu wenye wimbo wao hawakuweza kuusikiliza.

Nilienda nyumbani kwa marehemu. Mume wake alikuwa mwanamume mrefu, mkimya, amekaa kwenye benchi nje huku majirani wakipanga viti na kufunga turubai. Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia kwamba mimi si wa huko, mila ile hainifungi kama inavyowafunga wao, na kama ataniruhusu nitasikiliza rekodi, nitajifunza kuita, nami nitawafundisha watoto kwa mdomo wangu. Nilimwambia nitaharibu matamshi.

"Utaharibu," alikubali. Akafikiria. "Lakini watoto watarekebisha. Wao ndio watajua umekosea wapi."

Nilimuuliza kuhusu mstari wa mwisho, ule usio na jibu baada yake, kwa sababu sikuwa nimeuelewa. Alisema yeye hajui kuuimba wimbo, ni wa wanawake, lakini mwisho wake anaujua vizuri. Alipokuwa mdogo, yeye na marehemu wakiwa majirani kwenye mteremko uleule, watoto walikuwa wanakaa kwenye ua jioni ukungu ukishashuka, wakisikiliza mama zao kule juu. Mradi kuita kulikuwa kunaendelea, walijua kuna mtu bado hajaonekana. Mstari ule wa mwisho ulikuwa unasema, tumetimia, twende nyumbani. Wakiusikia, walikimbia kuchochea moto na kuteleka chai.

Basi nilijifunza. Kila siku baada ya vipindi nilijifungia stoo, nikavaa vifaa vya masikioni ili sauti isimfikie mtoto yeyote, nikapunguza mwendo wa rekodi mpaka kila silabi ikasimama peke yake. Nilikuwa namsikia akivuta pumzi. Nilikuwa nasikia mate yakimkwama. Nilirudia mahali palipokuwa pananishinda hadi koo likauma, nikitukana kimoyomoyo, na mara nyingine nilivua vile vifaa nikakaa tu juu ya gunia kwa sababu nilishindwa kumsikiliza zaidi. Halafu nilienda darasani nikaita kwa mdomo wangu. Watoto walinisikiliza kwa adabu, wakacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu msiba, kisha binti wa sauti ya kwanza akasema, "Si hivyo, Madam," akanirekebisha, na mwingine akamrekebisha yeye. Wakaitika. Majibu yalitoka pembe zote za darasa, na nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Siku ya mazishi ukungu ulishuka mapema. Boma lilijaa watu, wengine wamesimama mpaka kwenye shamba la viazi. Jeneza liliposhushwa na kaburi kufukiwa, mhubiri aliita kwaya ya shule. Nilikuwa nimewatawanya watoto kama alivyowafundisha, wengine karibu na nyumba, wengine kwenye ua, wengine chini kwenye miti, na kwa ukungu ule hungeweza kuwaona wote.

Niliita. Waliitika karibu na nyumba. Niliita, wakaitika kwenye ua. Wanawake wazee waliokuwa wameketi chini waliinua vichwa, na mmoja akajifunika uso kwa leso yake. Sikuharibu maneno mengi. Niliita mpaka kila kundi likaitika, hata lile la mbali kabisa miti ilipoanzia, na nikavuta pumzi, nikaimba mstari wa mwisho. Tumetimia, twende nyumbani.

Watu walianza kujipanga kuondoka. Mume wa marehemu hakusogea. Alikuwa amesimama kando ya kaburi ameshika kofia, anatazama juu kwenye msitu, na aliongea bila kunigeukia.

"Bado, mwalimu. Hatujatimia. Ita tena."

Nilimtazama mhubiri, mhubiri akatazama chini. Nikawatazama watoto waliokuwa karibu, na binti wa sauti ya kwanza akainamisha kichwa polepole kunikubalia. Niliita tena. Wanafunzi hawakuitika, maana walijua haikuwa zamu yao. Tulisimama hivyo, watu wote wale, tukisikiliza, hadi mume wake mwenyewe akavaa kofia yake na kuanza kuelekea nyumbani.