Adela Niyonkuru Niliyemzika kwa Kompyuta

Mimi Elipidius, mtoto wa Muleba, hapa Nkwenda najulikana kwa mdomo na kwa kompyuta. Natunza orodha ya wanachama wa ushirika wetu wa kahawa, Karagwe na Kyerwa, na nilikuwa najigamba kwamba kwa kazi hiyo sina mpinzani.

Mwaka jana, kabla ya kugawa miche, niliambiwa niwaondoe waliofariki. Majina yao yalitoka kwenye madaftari ya vyama vya kuzikana. Kule kila mtu anamjua mwenzake, kwa hiyo huandikwa jina tu, bila kijiji wala namba ya uanachama. Nikayaingiza kwenye jedwali lake, kisha nikaandika amri ya MERGE ili niliunganishe na jedwali la wanachama, na kila atakayefanana aandikwe marehemu. Baada ya neno ON unataja kitu gani kifanane ili mashine ijue huyu wa huku ndiye yule wa kule. Nilipaswa kuweka namba. Lakini kutafuta namba ya kila marehemu ni kazi ya siku tatu, nami nilikuwa na harusi Bukoba. Nikaweka jina. Amri ikapita bila kosa hata moja, nikafunga ofisi nikaondoka zangu.

Adela Niyonkuru wa Bweranyange alikuwa amefariki kweli. Adela Niyonkuru wa Nyakasimbi, mjane, alikuwa hai, tena ameshachimba mashimo mia mbili kwa mkono wake. Alipokuja kuchukua miche, kompyuta ikaonyesha kuwa ni marehemu.

"Shikamoo mama," nikamwambia. "Jina lako limeondolewa na wakubwa."

Wakubwa gani? Nilijua palepale kuwa ni mimi. Nilimrudisha siku ileile, safari hii kwa namba, lakini miche ilikuwa imekwisha, na mvua haimngoji mtu. Msimu mzima ukampita hivihivi, na yeye si kijana wa kupoteza misimu. Roho iliniuma, ila mdomo wangu wote ule ukawa mzito.

Msimu huu alipata miche yake. Siku hiyo alikuja na mkungu wa ndizi kichwani, akautua mbele ya foleni.

"Wakubwa waliniandika maiti," akawaambia watu. "Huyu mwanangu ndiye aliyenitetea."

Wakanipigia makofi. Nilifungua kinywa niseme ukweli, nikasema, "Ahsante, mama." Nikaupokea.

Siku hizi akinikuta njiani ananiita mwanangu, nami naitika.