Jumamosi Ile ya Novemba

Daktari Jelagat alifungua kitabu cha kliniki, akahesabu wiki kwa ncha ya kalamu hadi arobaini na moja, kisha akarudia swali lake la mwanzo.

"Mama, una uhakika na tarehe yako?"

Nekoye aliangalia sakafu. Kando yake, kwenye kiti cha plastiki, aliketi mama mkwe wake, Phelista, mkoba ukiwa mapajani. Ndiye aliyejibu.

"Daktari, huyu ni mtoto wa Septemba. Kijana wangu alikuja Krismasi. Kabla ya hapo alikuwa Endebess na mashine ya kupukuchua mahindi, miezi mitatu hatukumwona. Sasa hiyo wiki arobaini na moja inatoka wapi?"

Ilikuwa Jumatatu, tarehe ishirini na nne Agosti. Nekoye alikuwa fundi wa sare za shule mjini Kitale, na wiki tatu nyuma alikuwa amefunga kibanda chake, akaja Bumula kwa wakwe ili apate wa kumwangalia akijifungua. Tarehe iliyokuwa kitabuni, ya hedhi yake ya mwisho, aliitaja mwenyewe huko kliniki ya Kitale, akiwa peke yake. Kwa tarehe hiyo, mtoto alipaswa kuzaliwa tarehe kumi na tano Agosti.

"Nawaeleza wazi," Daktari Jelagat alisema. "Picha ya mtoto tumboni ilipigwa mimba ikiwa kubwa, kwa hiyo inaweza kukosea hata wiki tatu. Kama tarehe ya kitabuni ni ya kweli, sishauri tungoje. Maji ya mtoto tumboni yamepungua, na umesema tangu jana mtoto anacheza kidogo. Ningekuanzishia uchungu leo. Kama ni wa Septemba, basi hajakomaa. Nitakulaza, tusikilize moyo wake, tungoje."

"Na kuanzishiwa kuna hatari gani?" Nekoye aliuliza.

"Inaweza kuchukua hata siku mbili. Uchungu unaweza kuja kwa nguvu. Wengine huishia kupasuliwa. Kungoja nako kuna hatari yake kama umepitisha siku. Nendeni mkae hapo nje, mzungumze. Lakini msikae sana."

Phelista hakungoja wafike kwenye benchi.

"Unamkumbuka wa Fridah?"

Nekoye alimkumbuka. Fridah, bintiye Phelista, alizalishwa kabla ya wakati baada ya presha kumpanda. Mtoto aliishi siku tisa. Phelista ndiye aliyemwogesha mara ya mwisho, na tangu siku hiyo neno kuanzishiwa likitajwa tu alikuwa akitoka chumbani.

"Sikatai daktari," Phelista alisema. "Lakini nimezaa sita, najua kuhesabu. Mtoto aachwe aive. Hata wiki mbili tu, mama. Nakuomba."

Nekoye aliweka mkono ubavuni, mahali mguu ule mdogo ulipozoea kusukuma. Kimya. Tangu kunywa chai asubuhi alikuwa amemhisi mara nne tu, tena kwa uvivu, kama mtu anayejigeuza usingizini.

Aliomba ruhusa, akasogea hadi pembeni ya ukuta, akampigia mumewe simu. Wakoli alikuwa eneo la Kwanza, kwenye shamba la mtu, akitengeneza trekta. Nekoye alimweleza yote kwa mkupuo.

"Mwambie daktari," alimaliza. "Au mwambie mama. Mmoja wenu anisikie."



"Usimwambie mama kwa simu namna hiyo," Wakoli alisema. "Nitakuja kesho nimwambie mwenyewe. Si mungoje tu hadi kesho?"

Novemba iliyopita, mjomba wake Wakoli, mdogo wake Phelista, aliyemlea tangu akiwa darasa la tatu, alifariki. Siku ya mazishi Wakoli alipiga simu Bumula akasema mwenye mashine amemnyima ruhusa. Watu walilalamika, Phelista akamtetea mbele ya ukoo mzima. Ukweli ni kwamba ruhusa alipewa. Ila Ijumaa, siku moja kabla ya mazishi, Nekoye alikuwa amemwambia kwamba nguo zake ziko kwenye begi, anarudi kwa mama yake, kwamba amechoka kuolewa na simu. Wakoli alisimama stendi ya Kitale akiwa na siku mbili tu mkononi. Hakupanda gari la Bungoma kwenda mazishini. Alienda nyumbani kwa mkewe, akakaa Jumamosi na Jumapili, wakalia, wakapatana. Mimba ilitokana na siku hizo. Walikubaliana Bumula wasijue kamwe.

"Wakoli," Nekoye alisema, "mtoto hachezi. Hiyo kesho yako mimi sina." Akakata simu.

Alirudi kwenye benchi. Hakumtazama Phelista usoni. Aliongea akiwa ameshika tumbo kwa mikono miwili.

"Mama, nisamehe. Si wa Krismasi. Wakoli alikuja Kitale Novemba, Jumamosi ya mazishi ya mjomba. Alipewa ruhusa. Mimi ndiye nilikuwa nataka kuondoka, akaja kunizuia. Sina tarehe nyingine, mama. Ni hiyo tu."

 Phelista aliufunga mkoba wake vizuri, akasimama, akapita kati ya wagonjwa waliopanga foleni, akatoka getini.

 Nekoye akaingia peke yake kwa daktari.

"Nina uhakika," alisema. "Nianzishie."

Alitia sahihi mwenyewe. Alipewa dawa ya kwanza, kisha ya pili. Kwa saa nyingi hakukuwa na kitu ila tumbo kukaza na kulegea, na sauti ya moyo wa mtoto kwenye mashine, ambayo Nekoye aliisikiliza hadi akaogopa kukohoa asije akaikosa.

Phelista alirudi kabla jua halijashuka. Macho yalikuwa mekundu. Aliweka chupa ya uji mezani, akavua sweta, akaanza kumsugua Nekoye mgongo, taratibu. 

Jumanne saa nne asubuhi chupa ya uzazi ilipasuka, maji yakatoka ya kijani. Muuguzi aliyaona akamwita daktari kwa haraka. Mapigo ya moyo kwenye mashine yalipungua, yakapungua tena, na Daktari Jelagat akaagiza chumba cha upasuaji kitayarishwe.

"Lala kwa ubavu. Pumua. Usisukume bado."

"Anakufa?" Nekoye aliuliza. "Daktari, niambie."

"Bado moyo unapiga. Njia imefunguka yote. Ukisukuma vizuri sasa, tutamtoa hapa hapa."

Phelista alimshika mkono kwa nguvu hadi pete ikamwumiza. "Sukuma, mama. Sukuma huyu mtoto wa Novemba!"

Alikuwa msichana. Hakulia mara moja. Walimfyonza uchafu, wakamsugua kwa taulo, na zilipita dakika ambazo Nekoye hadi leo hapendi kuzisimulia. Kisha alilia kwa hasira. Ngozi yake ilikuwa ikibambuka viganjani na kucha zilikuwa ndefu. Daktari alimwinua, Phelista amwone.

"Huyu angengoja Septemba, mama?"

Phelista alitikisa kichwa, akakaa chini.

Wakoli alifika alasiri, shati likinuka dizeli. Mama yake alimzuia mlangoni.

"Mkeo ni mzima, mtoto ni mzima," alimwambia. "Mtazame ukiwa hapo ulipo, halafu tunaenda mimi na wewe kwa marehemu mjomba wako. Mjane wake nimempigia simu. Anakungoja umweleze mwenyewe."

Wakoli alimtazama Nekoye. Nekoye alimfunua mtoto uso, akamwonyesha, kisha akamwashiria kwa mkono kwamba aende.