Mama Nafasi hataki machozi ya kuazima

Saa tatu asubuhi, katika chumba kilicho juu ya duka la miwani, Mama Nafasi anasoma insha huku amekunja uso. Mbele yake ameketi binti anayeongoza darasa tangu shule ya msingi. Pembeni yupo baba yake, daktari wa meno, akichezea funguo za gari.

Insha inasema binti alikuwa akienda shule pekupeku na kusomea kibatari.

“Pekupeku?” Mama Nafasi anachungulia chini ya meza. “Na hivyo viatu umeazima?”

Binti anainamisha kichwa. Baba mtu anakohoa. “Mwalimu, si tunaomba ufadhili? Nikajua lazima tujilize kidogo.”

Mama Nafasi anacheka mpaka anavua miwani. Alifundisha hesabu hadi alipostaafu. Sasa anawatafutia ufadhili wa chuo kikuu watoto wenye alama za juu ambao wazazi wao wanajiweza, ila ada nzima ingewatoa jasho. Anatoza elfu arobaini kwa familia.

“Upo ufadhili wa shida na upo wa uwezo,” anaeleza. “Huu wa pili hauulizi baba anaendesha gari gani. Unauliza mtoto ana kichwa gani, na amekifanyia nini.”

Daktari tayari ana wawili chuoni. Ufadhili ukikosekana, binti atauaga uhandisi wa maji na kusoma chochote kilicho karibu na nyumbani.

Uchungu huo Mama Nafasi anaujua. Baba yake alikuwa na malori mawili, hivyo ofisi ya shule ikamwambia asijisumbue kuomba. “Nikawaamini,” anasema. “Mpaka leo inaniuma.”

Anairudisha insha. “Haya mwanangu, niambie kitu ulichofanya bila kutumwa.”

Binti anasitasita. Kisha anasimulia jinsi maji ya kupoozea mashine za kliniki ya baba yake yalivyokuwa yakimwagwa, naye akayavuta kwa bomba hadi kwenye pipa. Sasa ndiyo yanayotumika kupigia deki.

“Lile pipa ni lako?” Baba ameduwaa. “Mimi nilijua la fundi!”

“Andika hilo,” anasema Mama Nafasi. “Na baba usimwache nje ya insha.”

Miezi imepita, na wiki hii jibu limekuja: chuo kitalipa robo tatu ya ada. Daktari alipiga simu, akashindwa kuongea, ikabidi binti aichukue.

Mama Nafasi sasa anapanga kuzunguka shule mbalimbali, awawahi watoto kabla hawajakatishwa tamaa. Ataanzia shule aliyosoma yeye, katika ofisi ileile.

“Safari hii siondoki,” anasema, “mpaka wanipe fomu.”