Ukoko wa Shimo la Saba

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mswaki wa meno, beseni la maji baridi na mfuko wa vigae vyenye matope. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini, katika ghala la makumbusho moja hapa Birmingham. Nilikuwa nimetoka Tanga mwaka mmoja tu nyuma, nikimfuata mume wangu Salim, aliyekuwa akifanya kazi kwenye karakana ya vyuma mtaa wa Aston. Nilidhani naajiriwa kufagia. Msimamizi wa chumba cha kuoshea, mama wa Kiingereza mwenye aproni ya mpira, akanionyesha kigae kimoja na kuniambia kilitoka kwenye chungu cha zama za watu wa kwanza kulima katika nchi hii, maelfu ya miaka kabla chuma hakijajulikana. Nikakigeuzageuza. Kinene, kimepindapinda. Mama yangu asingekinunua.

Ninyi mnaoanza kazi hii leo mna mashine, kwa hiyo niwaeleze tulivyofanya sisi. Vigae vilikuja kwa mifuko, kila mfuko na namba ya shimo lake. Watu wale walichimba mashimo karibu na makao yao, wakatupa humo vyungu vilivyovunjika, mifupa na maganda ya njugu za msituni. Mhifadhi Mkuu, mkubwa wetu sote, alitaka kujua jambo moja tu kuhusu makao yale ya kando ya mto: walipanda nafaka, au walichunga ng'ombe na kuokota vya porini? Ripoti yake ilikuwa imesimama ikingoja jibu hilo.

Kuosha kulikuwa na kanuni. Unasugua kingo, pale kigae kilipovunjika, ili vipande viweze kuunganishwa. Upande wa nje unapitisha mswaki kidogo. Ndani hugusi mpaka msimamizi atazame. Maji humwagi, yanakaa kwenye ndoo mpaka matope yatulie, maana bomba la pale lilikuwa likiziba kila mara, na fundi ameshindwa nalo. Yote hayo niliambiwa, na niliyasikia vizuri sana.

Wiki ya tatu, msimamizi akiwa likizo, nikafungua mfuko wa shimo la saba. Vigae sita vikubwa, na ndani vimegandwa na kitu cheusi. Sasa mtoto wa kike aliyelelewa kwetu akiona chombo kina ukoko hafikiri, anasugua. Chombo cheusi ndani ni aibu ya mwenye nyumba. Mama alikuwa akitugawia makumbi ya nazi na jivu la kusugulia, kisha anasimama nyuma yetu. Mikono ikaenda yenyewe. Nilivisugua vyote sita, nikavipanga kwenye trei, nikakaa nikingoja kusifiwa.

Mchana Mhifadhi Mkuu akapita, mzee mrefu anayesema polepole.

“Visafi hivi,” alisema, na uso ukamsawijika. “Nilitumaini walau kimoja kitakuwa na chakula kilichoungulia ndani. Basi. Nitaandika kwamba hakuna dalili ya nafaka.”

Akaenda zake. Ndipo nikaikumbuka ile kanuni ya ndani.

Jioni nikamweleza Salim. Hata chai hakuimaliza.

“Zuhura, wewe nyamaza,” alisema. “Boss ameshaona, ame-accept. Ukisema, kesho uko nje, na job nyingine utaipata wapi na baridi hii? Halafu hao watu wenyewe washakufa zamani. Nani ataku-sue?”

“Washakufa, lakini walipika, Salim,” nikamjibu. “Mtu kapika, kaunguza, labda na kugombwa kagombwa. Leo kwa sababu yangu iandikwe kwamba hakupika?”

Asubuhi nilimwambia Mhifadhi Mkuu kila kitu, tena nikilia, jambo ambalo sikulipanga. Nikamweleza ukoko ni nini, na jinsi watoto wa kwetu wanavyougombania. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Maji uliyamwaga?” aliuliza.

Ndoo ilikuwa palepale. Mbegu iliyoungua huwa nyepesi na huelea, hivyo tukayakoroga maji taratibu, tukapitisha yale ya juu kwenye chujio laini, tukakausha mabaki kwenye gazeti, tukayatazama kwa hadubini. Tulipata punje nne za shayiri, nyeusi tii, kila moja na mfereji wake katikati. Nilitamani kumbusu yule fundi aliyeshindwa na bomba.

Sikufukuzwa, lakini sikuachiwa hivi hivi.

“Tumejua walipika shayiri,” alisema Mhifadhi Mkuu. “Katika chungu kipi, na waliichanganya na nini, hatutajua kamwe. Chukua kadi. Andika kwa wino ulichofanya, weka jina lako, na iingie ndani ya boksi.”

Niliandika kwamba ukoko wa ndani ulisuguliwa wakati wa kuosha, kwa kosa langu. Siku ile nilimchukia, nasema kweli. Kila mtafiti atakayefungua boksi lile atanisoma.

Miaka ya sabini ilipoingia nikahamishiwa meza ya mbegu, kisha nikafanywa msaidizi wa ghala. Mhifadhi Mkuu alipostaafu, funguo alinikabidhi mimi. Wiki iliyofuata, nikipanga rafu za chini, nikafungua boksi la tangu ujana wake. Ndani mlikuwa na kadi iliyogeuka rangi ya chai: “Udongo mweusi wa shimo hili niliutupa wote, nikidhani ni uchafu. Huenda ulikuwa na nafaka.” Chini yake, jina lake. Shimo zima, jamani! Nilicheka peke yangu, kisha nikamhurumia mpaka machozi yakanitoka. Miaka yote ile hakuwahi kunigusia.

Nami nimestaafu sasa, niko Great Barr, pembeni mwa jiji hili, na sufuria zangu bado zinang'aa. Siku yangu ya mwisho kazini msichana mmoja wa Kikenya, mwenye huruma zake, aliniambia, “Auntie, hizi kadi za zamani tunazi-type upya. Yako tunaweza kuondoa jina.” Nilimkatalia. Boksi la shimo la saba liko rafu ya chini, ubavuni mwa lile la Mhifadhi Mkuu. Nililisogeza huko mwenyewe.