Madumu ya Korongo

Noela Marau hakuwa mtu wa kuomba. Hata alipougua, alimwambia daktari wa mjini Mackay amweleze yote kwa mkupuo mmoja, asimpoozee maneno kama anayempoozea mtoto uji. Daktari akamweleza: saratani ya tezi. Noela akauliza duka la dawa liko upande gani, akaenda zake.

Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Kati ya hiyo, ishirini na miwili aliimaliza kwenye mashamba ya miwa ya akina Bellotti, bomba mgongoni, akipulizia dawa ya magugu kando ya mitaro na kando ya reli ya kubebea miwa. Bomba lilivuja penye mkanda wa kushoto. Kila jioni shati lilikuwa limelowa kuanzia begani hadi kiunoni. Dawa yenyewe wafanyakazi waliiita Korongo, kwa sababu ya ndege mweupe aliyechorwa kwenye dumu.

Wakili mmoja, binti aitwaye Bronwyn Keogh, alimwandalia madai ya fidia dhidi ya kampuni iliyotengeneza Korongo. Kampuni ikajibu kwa ufupi kwamba miaka ile dawa za namna hiyo zilikuwa nyingi madukani, kwa hiyo mama athibitishe kwamba aliyobeba ni yetu. Sasa athibitishe kwa kitu gani? Mzee Bellotti alikwisha kufa. Vitabu vya shamba vilichukuliwa na mafuriko ya kimbunga. Mwanawe hakukumbuka baba yake alinunua nini.

"Hakuna hata risiti, Shangazi?" Bronwyn aliuliza, maana ndivyo wote pale walivyomwita Noela. "Hata picha ya zamani uko kazini?"

"Sina."

"Bila kitu cha kushika mkononi, itabidi tuyaondoe madai. Nitaleta karatasi uweke sahihi."

"Lete," alisema Noela.

Na nyuma ya nyumba, hatua ishirini kutoka kiti alichokalia, yalipangwa madumu thelathini na moja ya Korongo.

Mzee Bellotti aliwaachia wafanyakazi madumu matupu, na Noela hakuwahi kuona dumu zima likatupwa. Aliyakata vichwa, akayaosha mara tatu kwa mchanga na majivu, akapanda humo viazi vikuu. Udongo wa pale ni mzito, mvua za Januari zikijaa kiazi huozea ardhini. Ndani ya dumu hakiozi. Mbegu ilikuwa ya bibi yake, aliyeletwa kutoka kisiwa cha Malaita kuja kukata miwa. Kila Krismasi viazi vya Noela ndivyo vilivyojaza sufuria kubwa ya ukumbi wa kanisa, na wenzake walijifanya hawaoni jinsi alivyosimama karibu nayo akingoja kusifiwa. Upande wenye picha aliuelekeza ukutani tangu mwanzo, kwa kuwa hakutaka kutazamana na ndege yule jioni baada ya kutazamana naye kutwa.

Aliyejua ni mdogo wake tu, Una, aliyekaa naye.

"Dada, ushahidi anaoutafuta yule binti unaumwagilia maji kila asubuhi," Una alisema siku ile.

"Nyamaza."

"Nanyamaza. Nasema tu."

"Imeandikwa pale pale usilitumie dumu tena. Watasema nimejilisha sumu mwenyewe. Na si mimi tu. Nimelisha kanisa zima. Unataka nikasimame mbele ya watu niseme hivyo?"

"Viazi hivyo nimekula miaka thelathini na tano. Niko hapa nakusumbua."

"Basi endelea kula. Kwa mdomo uliofungwa."

Watu wa visiwa walioko kule wana desturi moja ambayo hakuna aliyeiandika wala aliyeisahau: mgeni akila kiazi nyumbani kwako, akakuomba kichwa chake, kile kipande cha juu kinachochipua, akapande, unampa. Kumnyima ni kumtukana yeye na waliomzaa. Tangu siku ya daktari, kwa kuhofia sumu, Noela hakuwa amempa mtu kichwa. Walioomba aliwaambia viazi vimeingia ugonjwa.

Bronwyn akarudi na karatasi. Noela alikwenda chumbani kutafuta miwani. Alipotoka, akakuta mgeni ana sahani mapajani, kiazi kikuu cha kuchemsha kwa tui, naye amekwisha kufika nusu. Una alikuwa amesimama mlangoni anafuta mikono, uso wa mtu asiyejua lolote.

"Shangazi, hiki ni kitamu," Bronwyn akasema. "Hivi naweza kupata mbegu? Nina bustani kidogo."

Noela alimtazama Una. Una akatazama dari.

Kalamu ilikuwa mezani. Noela hakuishika. Binti yule akaweka sahani chini, akidhani amekosa adabu.

"Siwezi kukupa," Noela alisema mwishowe. "Na siwezi kukunyima. Inuka, twende nyuma."

Akalishika dumu la kwanza kwa mikono miwili, akaligeuza. Ndege alikuwa mweupe vilevile, maana jua halikuwahi kumfikia. Chini yake jina la kampuni, na chini kabisa, namba na mwaka vilivyogongwa kwenye plastiki. Bronwyn alipiga magoti kwenye tope na sketi yake ya kazini, akageuza la pili, la tatu, mpaka la mwisho. Miaka kumi na sita tofauti.

"Watakuuliza kuhusu viazi," alisema akiwa bado chini.

"Najua watakachoniuliza. Lakini kanisa watasikia kwangu kwanza."

Jumapili baada ya ibada aliomba dakika tano. Alisema alichofanya, jinsi alivyoosha madumu, na kwamba aliyetaka kukasirika akasirike pale pale, asimsubiri barabarani. Kisha Merv, mzee aliyepulizia dawa pamoja naye zamani, akakohoa.

"Kwa hiyo Krismasi zote hizo tulikula Korongo?"

"Ndiyo."

"Ndiyo maana sijaota magugu tumboni."

Wachache walicheka. Wengine hawakucheka, na wawili hawakumsalimia tena mpaka Pasaka. Noela aliona hiyo ni haki yao.

Kwenye usuluhishi, wakili wa kampuni, mtu mpole mwenye sauti ya chini, alimsogezea picha ya dumu.

"Mama, hapa pameandikwa lisitumike tena. Ulisoma?"

"Nilisoma. Nasoma polepole, lakini nafika."

"Ukapanda chakula humo. Sasa tutajuaje kwamba ugonjwa haukutokana na chakula hicho?"

"Mdogo wangu Una amekula sufuria moja na mimi miaka yote. Yule pale, mpime. Ila yeye alikuwa mpishi wa shule, hakubeba bomba."

Wakili akaandika kitu. Hakuuliza tena kuhusu viazi. Namba za madumu zilipolinganishwa na za kiwandani, kampuni iliacha kubisha kwamba dawa ni yake, na mwezi wa tatu baada ya hapo pande mbili zikapatana. Karatasi ya mapatano ilimkataza kutaja kiasi. Una alijaribu kila mbinu, mpaka leo hajaambiwa.

Lakini madumu yalichukuliwa yote na udongo wake, ukapimwe. Viazi vikang'olewa, vikafukiwa shimoni. Krismasi iliyofuata Noela alikuwa na dawa za hospitali, paa jipya, na uwanja mtupu.

Akaenda kwa Merv. Viazi vya Merv vilitokana na kichwa alichopewa na Noela zamani, kabla ya dumu la kwanza, navyo vilipandwa mlimani, ardhini. Akakaribishwa, akala, akamaliza. Merv akaketi na kungoja, maana alijua kilichomleta, na katika miaka hamsini hakuwahi kumsikia mwanamke yule akiomba kitu.

"Merv," alisema, macho kwenye sahani. "Nipe kichwa."

"Sijasikia vizuri, Shangazi."

"Umesikia."

Merv akainuka kufuata kisu. Alimkatia vichwa viwili, kimoja cha mbegu na kimoja, alisema, cha fidia ya kumngojesha mpaka aombe. Noela alivifunga kwenye kitambaa, na kabla ya jua kuzama alikuwa amekwisha kuinua matuta mawili ya udongo pale madumu yalipokuwa.