Nafasi ya Mama Asteria, safari ya Udzungwa

Leo nimemfuta mama wa watu kwenye orodha. Nina hasira na nafsi yangu.

Jumamosi ofisi yetu inakwenda Hifadhi ya Udzungwa kuona maporomoko. Orodha naandika mimi.

Bosi kaniambia, "Mfute Mama Asteria. Mfagizi, tena mzaliwa wa Mkula, kijiji cha pembeni ya hifadhi! Si alikuwa akiokota kuni humohumo? Atashangaa nini?"

Nikajibu, "Sawa, bosi," nikamfuta palepale.

Ndiyo, mimi.

Kutoka tu, nakutana na mama mwenyewe mlangoni, raba mpya za kupandia mlima mkononi. Nikamwamkia.

"Mwanangu, tunaondoka saa ngapi? Safari hii napanda bila mzigo kichwani!"

Nimerudi kwenye kompyuta. Nimefuta jina langu ili idadi isizidi, nimerudisha lake, nimewatumia wenye gari orodha.

Naogopa Jumatatu bosi akiniita, jamani. Nyie mngemwambiaje yule mama pale mlangoni?